Sanduku la Oman: shajara ya mradi

Jumamosi, 14 Juni

Sanduku la kuwafunzia watoto nchi ya Oman limefika tupu, na nimelitaka hivyo. Fundi amelimaliza jana usiku kwa mbao za mwembe. Bado linanuka vanishi. Watoto 17 wa darasa la tatu hadi la sita wamelizunguka hapa chumba cha kusomea, Wete, Pemba, na kila mmoja nimempa karatasi achore kitu kimoja cha Oman ambacho angependa kiwekwe ndani. Nilitarajia mambo mengi. Nyumba nyingi za huku zina mtu wao Maskati, ami au shangazi, na mizigo ya kutoka huko watoto wameizoea tangu wadogo.

Wamechora ngamia. Ngamia 11, ghorofa tatu ndefu mno (za Dubai, nchi nyengine kabisa), ndege mbili, na mchanga kila karatasi. Msichana mmoja wa darasa la nne karejesha karatasi nyeupe. Nikamwuliza kulikoni.

"Mwalimu, si jangwa? Jangwa hamna kitu."

Maneno yake nimeyaandika ukurasa wa kwanza wa daftari la mradi. Mpango niliokuwa nao ulianza na bendera, kisha mavazi, vyakula, wanyama. Usiku huu nimeufuta wote. Kanzu na halua mtoto huyu anavijua, na bado kwake nchi ile ni tupu. Tutaanza na maji.

Jumamosi, 21 Juni

Nimepiga mstari wa chaki ukutani, sentimita 10 kutoka sakafuni. Nikawaambia: mvua yote inayonyesha Maskati mwaka mzima, ukiikinga isipotee hata tone, kimo chake ni kama hiki. Kisha nikapanda kigoda nikapiga mstari wa pili, sentimita 150, nikawaambia ya Pemba huupita huu. Wakapanga foleni kujipima. Mstari wa Maskati uliwafika kwenye vifundo vya miguu. Wa Pemba uliwapita vichwa wote, isipokuwa kijana mmoja wa la sita.

"Sasa wanakunywa nini?" kauliza mdogo kuliko wote. Hilo ndilo swali nililokuwa nikilingojea, na limekuja lenyewe.

Tumekaa juu ya ramani muda mrefu. Oman ni kama theluthi moja ya Tanzania kwa ukubwa, kilomita za mraba zipatazo 309,500. Kaskazini kuna milima ya Hajar, na Jabal Shams hufika karibu mita 3,000. Magharibi kuna ukingo wa Rub' al Khali, yaani Robo Tupu, jangwa la mchanga ambalo Oman inagawana na Saudi Arabia, Yemen na Falme za Kiarabu. Lakini sehemu kubwa ya nchi haina mchanga wa kuviringika namna ile. Ni tambarare za changarawe na mawe. Nimeona niliseme hilo mara mbili, kwa sababu picha tulizopeleka kuchapwa zimerudi na kosa: mahali pa tambarare ya mawe wametutilia vilima vya mchanga na ngamia, wakidhani wametusaidia kwa kuweka picha nzuri zaidi. Tumezirudisha. Zitachapwa upya.

Jambo la lugha. Kwenye kadi ya kwanza ya maelezo ya sandukuni nilikuwa nimeandika kwamba falaji, njia ya maji ya Oman inayogawiwa kwa zamu, ni mfereji. Huku kwetu mfereji ni ule wa kufungulia maji kwa mkono, ambao bara wanauita bomba, na watoto wote wakafikiria koki ukutani. Nimelirejesha neno lenyewe, falaji. Kwa Kiarabu linatokana na kugawa, na bila kugawa huwezi kulieleza.

Jumamosi, 28 Juni

Tumechimba uani. Ningeweza kuwaonyesha michoro, lakini nilitaka waumie mgongo kidogo.

Falaji halisi ya chini ya ardhi huanzia kwenye kisima kirefu chini ya mlima, kinachoitwa mama wa falaji. Kutoka hapo watu walichimba njia chini ya ardhi, wakiinamisha kidogo kidogo sana, na kila baada ya hatua kadhaa wakatoboa shimo la kwenda juu, la kupata pumzi na kutolea udongo. Hakuna pampu. Maji hutembea kwa mteremko peke yake mpaka yatokeze kijijini. Falaji zaidi ya 3,000 bado zinatumika Oman, na tano kati yake, mojawapo Falaj Daris ya Nizwa, ziliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006.

Mama wa falaji yetu ni pipa la bluu lenye tundu chini. Njia tumeijenga kwa magamba ya mgomba yaliyopangwa kichwa kwa mkia, tumeyakandika udongo. Chini tumetengeneza vitanda vitano vya mchicha.

Maji ya kwanza yalishuka kwa kasi, yakabeba udongo wote, yakafukua kitanda cha kwanza mpaka mbegu zikaelea. Tukainua upande wa chini. Maji yakasimama katikati ya njia, yakajaa, yakamwagikia uani. Tumeinua na kushusha mara saba. Kijana wa la sita ndiye aliyelala kifudifudi, shavu chini, jicho likifuata ukingo wa gamba, akisema "shusha, shusha, kidole kimoja, basi." Yakaenda. Polepole, bila povu, kina cha kidole, yakageuka pembe na kuingia kwenye udongo wa kitanda cha mwisho, na udongo ukabadilika rangi.

Nikawaambia: huo mteremko wa kidole kimoja, watu wa Nizwa na Izki waliupata gizani, chini ya ardhi, kwa masafa ya kilomita. Hawakusema kitu. Wamekwenda kunawa mikono kwenye pipa.

Jumamosi, 5 Julai

Mchicha umeota. Leo ilikuwa siku ya zamu.

Kwanza tumepanga nani huanza, kama wanavyopanga wenyewe. Maji yanapotokeza tu, mahali pa mwanzo ni pa kunywa, na hapo kila mtu huchota bure, awe mwenyeji au mpita njia. Kisha msikiti, kisha pa kuogea na kufulia, ndipo mashamba: mitende mbele, mimea ya msimu nyuma. Kila mwenye fungu hupimiwa kwa muda. Kipimo chao huitwa athari, nusu saa hivi. Mchana ilipimwa kwa kivuli cha mti uliosimikwa, usiku kwa nyota. Msimamizi wa falaji huitwa wakili, na msaidizi wake arifu. Watoto wamefurahi kukuta maneno wanayoyajua yakifanya kazi nyengine.

Tukasimika ufito, tukapanga vijiwe. Kivuli kikigusa kijiwe, unahamisha kizibo cha tambara na jiwe, maji yanakwenda kwa mwenzio. Vitanda viwili vya mwanzo vilipata haki yao. Cha tatu kilipoanza, wingu likafunika jua. Kivuli kikatoweka.

Wa kitanda cha tatu wakasema zamu yao haijesha. Wa cha nne wakasema imekwisha zamani. Mmoja akaondosha kizibo, mwengine akakirejesha, tope likaruka, na kwa dakika tano nimeshuhudia ugomvi wa kweli wa maji. Niliinuka niuamue, kisha nikakaa. Msichana wa karatasi nyeupe kaenda jikoni kwa mlinzi, karudi na kopo la maziwa lenye tundu la msumari. Kalijaza maji, kalining'iniza kwenye ufito. "Likimalizika, zamu imekwisha. Halijali wingu." Wamelikubali. Wamemfanya wakili.

Wengi wa watoto hawa husimama foleni ya ndoo alfajiri, mgao ukianza. Wanajua kuingiliwa zamu kunavyouma. Jangwa limewafika mlangoni kwa njia hiyo, na si mimi niliyelileta.

Jumamosi, 12 Julai

Simu ya Oman. Kaka wa bibi wa mmoja wao anaishi Ibra, upande wa Sharqiya. Aliondoka Pemba kijana, miaka ya baada ya Mapinduzi ya 1964. Tumeweka simu juu ya sanduku, sauti imefunguliwa.

"Shikamoo, babu!"

"Marahaba, wajukuu zangu. Karafuu zimezaa mwaka huu?"

Kiswahili chake ni cha Wete kabisa, na mtoto mmoja kaninong'oneza: "Mbona anasema kama babu wa kwetu?" Wako wengi kama yeye. Kiswahili hadi leo kinasikika Maskati na miji ya ndani, majumbani na madukani, kando ya Kiarabu, Kibaluchi, na lugha ambazo huku hatujapata kuzisikia: Kimehri, Kijibali, Kiharsusi, Kikumzari.

Wakili wetu kamwuliza juu ya zamu. Babu kacheka, kisha kaeleza kwa kirefu. Fungu lake la maji kalirithi kwa baba yake. Maji na shamba ni mali mbili: mtu aweza kuwa na maji asiwe na mtende hata mmoja, akayakodisha au akayauza. Zamu yake ilipoangukia usiku alikwenda na kandili, akahamisha jiwe, akakaa kwenye ukingo kusubiri, maji yakipita mitendeni gizani. Nyota walizitazama wazee. Yeye anatazama saa ya mkononi. Na lipo fungu ambalo si la mtu, ni la falaji yenyewe. Hukodishwa, na pesa zake hutengeneza njia inapobomoka.

Kawaambia pia yasiyo ya zamani. Wengi wana visima vya pampu sasa, na pampu zikizidi, falaji hukauka. Maskati, maji mengi ya majumbani ni ya bahari yaliyotolewa chumvi. Watoto wa Ibra huenda skuli kwa basi na jioni hucheza mpira. Mwaka 1970 nchi nzima ilikuwa na skuli tatu za kisasa. Hilo limewashangaza kuliko yote. Mmoja kahesabu skuli anazopita kwa miguu kuja hapa, kazikuta nne.

Siku hizi ni msimu wa tende, akasema, na joto halisemeki. Tende aina ya mabsali huchumwa zikiwa manjano, huchemshwa kwenye masufuria makubwa, kisha huanikwa juani. Watoto wameuliza kama huanikwa kwenye majamvi kama karafuu. "Vivyo hivyo," kasema. "Na watoto hufukuzwa vivyo hivyo."

Mwisho kaomba jambo: na yeye apewe zamu katika falaji yetu.

Jumamosi, 19 Julai

Kusi limevuma wiki nzima. Nimeutumia upepo wenyewe.

Nimewapeleka nje, wameshika shuka wakaliachia livimbe. Upepo huu, nikawaambia, ndio uliosukuma majahazi kutoka huku kwenda Arabuni, na kaskazi ukayarejesha. Hilo walikuwa wakilijua. Wasilolijua ni kwamba pepo hizi za kusi, zikifika kusini mwa Oman, katika nchi ya Dhofar, hugonga milima zikiwa na unyevu wa bahari na kushusha ukungu na manyunyu kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Septemba. Wenyewe huuita msimu huo kharifu. Milima iliyokuwa ya kahawia inakuwa kijani kibichi, ng'ombe wanalisha kwenye mawingu, na watu wa nchi zote za jirani huja kupunga baridi. Salalah, mji wa huko, kuna minazi, migomba na mipapai, na barabarani wanauza madafu.

"Madafu? Jangwani?"

Nikawaonyesha picha. Wameigombania.

Nyuma ya milima hiyo, pale ukungu unapoishia na ukavu kuanza, ndipo ulipo mti wa ubani. Bonde la Wadi Dawkah ni mojawapo ya mahali pake, nalo limo katika Urithi wa Dunia tangu 2000. Mti wenyewe ni mfupi, matawi yameanzia chini, ganda lake linabanduka kama karatasi. Mvunaji huukwangua kwa kisu kisicho kikali sana, utomvu mweupe ukatoka matone matone. Huuacha ukauke siku kadhaa, akarudi kuubandua, akaukwangua tena. Ubani si wa Oman peke yake, Somalia na Yemen nao wanao, lakini ule wa Dhofar, hasa aina ya hojari, una sifa kubwa.

Nimewasha chetezo, nikatia punje mbili. Punje ilitulia juu ya kaa, ikang'aa kama jasho, ikavimba, moshi ukapanda mweupe na kunyooka. Mtoto wa kwanza kasema: "Kunanuka hitima." Wa pili: "Kunanuka kwa bibi." Nikawaambia Oman huulowesha ubani majini usiku na asubuhi wakayanywa maji yake. Tumefanya hivyo. Asubuhi ya kesho watakuja kuonja.

Punje tatu na chetezo kidogo cha udongo vimeingia sandukuni. Ndivyo vitu vya kwanza.

Jumamosi, 26 Julai

Siku ngumu. Tulikuwa tukitafuta neno Manga, jina ambalo wazee wa pwani waliiitia nchi ile: pilipili manga, komamanga. (Makomamanga ya Jabal Akhdar yana sifa kwelikweli, hukua kwenye ngazi za mawe zinazonyweshwa kwa falaji.) Mvulana mmoja kanyoosha mkono: "Mwalimu, babu kasema watu wa Manga walikuwa wakituuza."

Chumba kikanyamaza. Humu mna watoto ambao nasaba zao ni za Oman, na waliochanganyika, na ambao mababu zao waliletwa kwa nguvu kutoka bara. Mzazi mmoja alikuwa ameshanishauri jambo hili niliache, ni wadogo. Nimelifikiria sana. Lakini mtoto ameshalisikia nyumbani, na sanduku likimficha hilo hataliamini kwa mengine.

Nimekaa sakafuni pamoja nao, nikasema. Ndiyo, ni kweli. Sayyid Said, sultani wa Oman, alihamishia makao yake Zanzibar katika karne ya 19, mikarafuu ikapandwa kwa wingi Unguja na Pemba, na mikono mingi iliyoipanda na kuichuma ilikuwa ya watumwa. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa 1873. Utumwa wenyewe ulikawia kuondoka huku, na Oman ulipigwa marufuku 1970 tu. Na wapo watu wa Oman leo ambao mababu zao walitoka upande wetu wa bahari, wengine kwa hiari, wengi bila hiari. Ngoma yao, lewa, huchezwa pwani ya huko kwa zumari, na ndani ya nyimbo zake mna maneno ya Kiswahili.

Mvulana kauliza: "Wanayajua maana?" Nikamjibu kwamba wapo wanaoimba bila kuyajua.

Hakuna aliyecheka wala kumnyooshea mwenzake kidole. Kadi ya lewa tumeiandika pamoja, sentensi moja kila mtoto, na nimeiacha na makosa yake ya herufi.

Jumamosi, 2 Agosti

Fupi, maana mvua imetukatisha. Kadi ya choroa. Mnyama huyu mweupe mwenye pembe ndefu alimalizwa porini Oman mwaka 1972, kwa bunduki na magari. Wachache walikuwa wamehifadhiwa nje, pamoja na kwenye bustani ya wanyama ya Phoenix, Marekani, na mwaka 1982 wakarudishwa Oman, kwenye tambarare ya Jiddat al-Harasis. Walinzi walikuwa Waharasis, wafugaji wa tambarare hiyo isiyo na mto wala chemchemi, ambao waliishi kwa maziwa ya mbuzi na ngamia zao, na umande wa ukungu wa bahari ukinywesha mimea na wanyama. Hifadhi iliingia Urithi wa Dunia 1994. Ujangili ulipozidi na eneo likapunguzwa kwa asilimia 90, iliondolewa orodhani mwaka 2007, ya kwanza duniani kuondolewa. Watoto wamekasirika kweli. Wametaka kumwandikia barua Sultani wa Oman. Nimewapa karatasi.

Jumamosi, 9 Agosti

Tumevuna. Vitanda vinne kila kikundi kimechukua chake nyumbani. Cha tano walikwishakubaliana, bila mimi, kuwa ni cha falaji. Wamekifunga mafungu 12, wakakiuza mlangoni kwa jirani, na pesa wamenunulia kipande cha bomba badala ya gamba la tatu, ambalo lilikuwa limeoza na kuvuja.

Sandukuni sasa mna chetezo na ubani, ufito na vijiwe, kopo la tundu la msumari, kokwa za tende alizozileta dada yake mmoja wao aliyerudi kutoka Maskati, finjani ya kahawa na maelezo ya kuitikisa ukishatosheka, picha ya tambarare ya mawe iliyochapwa upya, na kadi 22. Juma lijalo linakwenda skuli ya jirani. Msichana wa la nne ndiye atakayefuatana nalo siku ya kwanza, aeleze kopo.

Karatasi yake nyeupe nilikuwa nimeihifadhi. Leo kaiomba. Kachora pipa, mstari mmoja mrefu unaoshuka kidogo sana, na vitanda vitano. Pembeni mwa cha mwisho kaandika: *Babu wa Ibra, Jumamosi, kopo la tatu.* Kamwagilia mwenyewe kwa niaba yake, na kanipa simu nimpigie babu kumwambia zamu yake imepita salama.